Akidi ya Viti Vitupu

Sehemu ya kumi na moja

Kama gazeti la wiki jana jirani aliliazima na hajalirudisha, usihangaike kumfuata. Nakupa la muhimu bure. Karani wa Kamati ya Kusimamia Benki na Bima alikuwa amesimama peke yake ofisini kwa Mwenyekiti, jalada la kijani mkononi, akisoma ripoti ya uchunguzi ambao ulikuwa bado haujafanyika. Ripoti ilishasainiwa. Ilikuwa na tarehe ya kesho. Na ukurasa wa nne ulisema hivi: "Hakuna mlalamikaji hata mmoja aliyejitokeza mbele ya Kamati."

Mlalamikaji alikuwa nje, kwenye benchi la korido, tangu saa moja asubuhi.

Ndipo mlango ukafunguka nyuma yake, na sauti ikauliza, "Unatafuta nini humo?"

Alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, kijiti cha kuchokolea meno mdomoni, maana ilikuwa saa saba na nusu na waheshimiwa walikuwa wametoka kula. Ni mtu mwenye tumbo la kutangulia na haya ya kuchelewa. Karani ana mdomo mwepesi. Akajibu kwamba anakagua tahajia.

Ulikuwa uongo, tena uongo mzuri, kwa sababu Mwenyekiti hakuwahi kusoma ripoti yake hata moja na asingeweza kubisha. Akamuuliza kama ameona kosa.

"Moja tu, Mheshimiwa. Tarehe ni ya kesho."

"Hilo si kosa. Kesho ndiyo tunaiwasilisha bungeni."

Akaketi, akamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Ripoti inayokamilika mapema, alisema, ni dalili ya kamati inayochapa kazi. Isitoshe, kampuni ya bima ndiyo iliyojitolea kuiandika, na karatasi yao ni nzito, na mashine yao inachapa vizuri, wakati ya Kamati imekosa wino tangu mwanzo wa mwaka. Sikutanii, msomaji. Anayechunguzwa ameandika majibu ya uchunguzi wake, na mchunguzi amemshukuru kwa karatasi.

Kisha akatoa amri. Karani aende koridoni, amwambie yule mama wa benchini arudi nyumbani, aje mkutano ujao wa Bunge. Kikao cha mchana kitakuwa cha dakika mbili tu: kufungua na kufunga.

Mkutano ujao ulikuwa danganya toto, na karani alilijua hilo. Ripoti ikishawasilishwa, jalada linafungwa, leseni ya kampuni inaongezwa miaka mitano, na hakuna mtu atakayelifungua tena jalada lile isipokuwa panya. Kama yule mama asingesikilizwa siku hiyohiyo, kinasa sauti kikiwa kinafanya kazi, basi asingesikilizwa kabisa.

Na yule mama ni nani? Ni fundi cherehani. Ghorofa waliyokuwa wakishonea mafundi arobaini na mmoja iliteketea kwa moto, cherehani zote zikabaki vyuma vyeusi. Walikuwa wamezikatia bima. Miaka sita walilipa kila mwezi bila kukosa, na walipokwenda kudai, kampuni ikawaambia haiwajui. Haiwajui, basi. Wengine sasa wanabandika vifungo kwa mikono kwenye vibaraza vya watu. Wakamchagua mmoja wao aende kuwasemea, yule ambaye ulimi wake haujawahi kuogopa kola wala tai.

Kuna jambo Mwenyekiti hakulijua. Yule mama ni shangazi yake karani, dada wa baba yake, tumbo moja. Ndiye aliyemfundisha kupinda gauni, akamlipia na chuo. Walikubaliana kwamba ndani ya jengo lile hawajuani. Mmoja ni mama, mwingine ni karani, kwisha.

Karani akatoka koridoni. Askari wa mlangoni alishamhamisha shangazi benchi mara tatu, mara eti hapa ni pa wageni rasmi, mara eti hapa panapigwa deki.

"Nimekaa hapa mpaka benchi limenizoea," shangazi akasema. "Wananiita lini?"

Karani alikuwa amekuja kumfukuza mtu aliyemlea, kwa niaba ya watu wasiofaa hata kumshikia uzi. Alitaka kulia, akaona aibu kulia mbele ya askari. Wakati huohuo mhasibu akapita na trei ya bahasha za kaki, anatoka kugawa posho ya mchana, anapiga mluzi. Karani akazitazama zile bahasha, na machozi yakaahirishwa.

Hapa inabidi nikueleze desturi moja ya Kamati ile, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea.

Kitabu cha mahudhurio kina safu mbili, ya asubuhi na ya mchana, na kila safu ina posho yake. Sasa mheshimiwa ni mtu wa shughuli nyingi. Mchana ana shamba la kuangalia, ana nyumba inayopauliwa, ana binamu anayefungua duka. Kwa hiyo saa tatu asubuhi, wakati wa chai, kila mjumbe hutia saini safu zote mbili kwa mkupuo, kalamu moja, kikombe mkono wa pili. Saa sita kitabu kinapelekwa kwa mhasibu. Saa saba na nusu bahasha zinatoka, na ambaye hayupo, bahasha yake inachukuliwa na dereva wake. Mambo yalikwenda hivyo miaka yote, na hakuna aliyeona ubaya. Wenyewe wanaita kuokoa muda.

Siku ile, kama siku zote, wajumbe wote kumi na wanne walitia saini mchana wakiwa wanakunywa chai ya asubuhi.

"Mama," karani akasema kwa sauti ya kiofisi, askari asikie, "usiende popote. Mlango ukifunguliwa, ingia."

Saa nane kamili, chumba cha Kamati. Meza ndefu yenye umbo la kwato, viti kumi na vinne vya ngozi, mbele ya kila kiti kibao cha jina na chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Waliokuwepo walikuwa wawili. Wa kwanza Mwenyekiti. Wa pili yule mzee anayeitwa Mheshimiwa Blanketi, ambaye hakosi kikao cha mchana hata kimoja, kwa sababu chumba kile ndicho chenye kiyoyozi kizuri kuliko vyote katika jengo. Alikuwa ameshalala, mikono tumboni.

Upande wa wageni alikaa Mkurugenzi wa kampuni ya bima, suti ya kijivu, simu mbili mezani. Alikuwa amekuja kupokea shukrani.

Karani akawasha kinasa sauti, taa nyekundu ikawaka. Mwenyekiti akakohoa.

"Kikao kimefunguliwa. Kwa kuwa hakuna mlalamikaji aliye..."

Karani akafungua mlango. Shangazi akaingia, mkoba kwapani, akasalimia chumba kizima, viti vitupu na vyote, akaketi kwenye kiti cha shahidi bila kuambiwa.

Mwenyekiti alimtupia karani jicho ambalo lingeweza kukausha nguo. Lakini ni mkongwe wa michezo hii, hakosi pa kutokea. Akatabasamu kuelekea kinasa sauti. Akasema Kamati inasikitika, ingependa sana kumsikiliza huyu mama, ila kanuni ni kanuni. Kikao kinahitaji akidi, yaani nusu ya wajumbe, yaani watu saba. Hapa wapo wawili. Kwa masikitiko makubwa anaahirisha.

Mkurugenzi akaanza kukusanya simu zake.

Karani akasimama. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, hilo silifichi.

"Mheshimiwa, kabla ya kuahirisha kwa kukosa akidi, kanuni inamtaka karani asome mahudhurio. Kwa kitabu chetu, wajumbe wote kumi na wanne wapo kikaoni. Saini zao zipo."

Mwenyekiti akatazama viti. Viti vikamtazama. Akaomba aletewe hicho kitabu.

"Kipo kwa mhasibu, na posho imeshatoka," karani akasema. Sasa sauti ilikuwa imetulia. "Nikiandika kwamba mchana huu hapakuwa na akidi, itanibidi nimwandikie mhasibu barua, posho zirudishwe. Niandike hivyo, Mheshimiwa?"

Taa nyekundu inawaka. Mwenyekiti alikuwa na bahasha yake mfuko wa ndani wa koti, na mkono ulienda hapo wenyewe, ukaigusa.

Neno posho lilikuwa limepenya mahali ambapo hata king'ora hakipenyi. Mheshimiwa Blanketi alifumbua macho.

"Zirudi wapi?" akauliza.

Akaelezwa kwa ufupi. Akazungusha shingo, akavikagua viti kumi na viwili visivyo na mtu, kimoja kimoja, kwa makini ambayo hajawahi kuyaonyesha kwenye mswada wowote. Kisha akatoa msimamo wake, wa kwanza tangu achaguliwe.

"Mimi naona akidi ipo," akasema. "Tuendelee."

Ndivyo sheria zinavyolindwa, msomaji. Watunga sheria wakapigwa chenga na saini zao wenyewe, na mama mmoja fundi cherehani akapata nafasi ya kuzungumza mbele ya bunge la ngozi na mbao.

Akala kiapo. Akazungumza dakika kumi na mbili bila karatasi. Alieleza jinsi mafundi walivyokuwa wakichanga kila tarehe tano, jinsi wakala alivyopanda ngazi kuja kuchukua, jinsi alivyowakatia risiti zenye mhuri wa kampuni, na jinsi risiti zilivyoungua kwenye droo za meza zilezile zilizokatiwa bima. Alitaja mama mwenye watoto watano aliyekuwa na cherehani ya kudarizi, ambayo ilikuwa ndiyo mume wake na ndiyo shamba lake. Alisema hawakuja kuomba msaada, walikuja kuomba walichokinunua. Hakulia. Karani, aliyekuwa anaandika, alijivunia shangazi yake.

Mwenyekiti alichezea kijiti chake. Ilipofika zamu, akampa Mkurugenzi nafasi ya kujibu, kwa heshima zote, huku akimwomba radhi kwa usumbufu. Mkurugenzi naye akala kiapo. Alisema kwa ufupi kwamba kampuni yake haijawahi kuwa na wakala katika jengo lile, wala mtaa ule, wala hawajui hao watu. Kama yuko mtu aliyekuwa akipanda ngazi na kukusanya pesa za mafundi, huyo ni tapeli wa mtaani, na mhuri hata wa viazi mtu anaweza kuchonga. Akaketi, akarudi kwenye simu yake.

Hapo Mwenyekiti akaona mwanya. Uso ukamchangamka. Kama huyu mama hana jina la wakala, basi hana kitu, na dakika kumi na mbili zote zile ni upepo.

"Mama, umetueleza mengi," akasema. "Hukutueleza huyo wakala ni nani. Mtu amekujia miaka sita, kila mwezi. Lazima unamjua."

Shangazi akahamishia mkoba mapajani.

"Unamjua au humjui?"

"Namjua."

"Basi mtaje. Umeapa."

Shangazi akaangalia mkoba wake. Karani aliinua kichwa, akashangaa, kwa sababu usiku wote uliopita walipokuwa wakijiandaa alimuuliza swali hilohilo, na shangazi alimjibu kwamba jina la wakala limemtoka. Halikuwa limemtoka. Lilikuwa limemkwama.

Mwenyekiti akanusa ushindi. Akamkumbusha adhabu ya kuficha ukweli chini ya kiapo, miezi mingapi na gereza gani. Akamwambia kwamba asipotaja, itaandikwa kuwa alimtunga. Arobaini na mmoja wote wataandikwa kuwa ni watunzi.

"Ni kaka yangu," shangazi akasema.

Mwenyekiti akapiga meza kwa furaha. Hii ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia: kumbe wizi wa kifamilia, ndugu kwa ndugu, kampuni haina hata chembe ya lawama. Akauliza huyo kaka anaishi wapi, afuatwe.

Shangazi akamgeukia karani. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama kama mtu anayemjua.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilitaka upate usingizi. Ni baba yako."

Kalamu ikasimama.

Karani alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa miaka yote hiyo aliamini baba yake alikuwa akizungusha vitabu vya shule. Ndivyo alivyoambiwa, ndivyo alivyojaza kwenye fomu. Alimwona akitoka na begi, akamwona akirudi na begi. Baba ambaye tangu mkewe afariki hajawahi kuacha kumpigia bintiye pasi. Shati lile jeupe alilovaa karani mchana ule lilipigwa pasi na baba saa kumi na moja alfajiri, mikono yote miwili, na kola mara mbili. Aliumia, jamani. Alihisi joto la ile pasi mwilini.

Mwenyekiti alihitaji sekunde tano kuzielewa sentensi hizo. Alipozielewa akaegemea kiti, akatabasamu polepole. Tangu kikao kianze alitaka karani aache kuandika. Sasa alikuwa na njia ya kumfanya aache kwa hiari yake.

"Kumbe," akasema. Akanyoosha mkono, akabonyeza kinasa sauti, taa nyekundu ikazimika. "Sasa tuzungumze kama ndugu. Mimi si mtu mbaya, binti yangu. Naona uko pabaya. Jina hilo likiingia kwenye kumbukumbu rasmi, kesho linasomwa bungeni, keshokutwa polisi wako mlangoni kwenu. Mzee wa watu atavumilia rumande?"

Mwenyekiti akamsogelea karani.

"Neno lako moja tu. Unasema shahidi alichanganyikiwa, maelezo yake yote yanafutwa, ripoti inabaki ilivyo. Mama anakwenda nyumbani, baba anabaki nyumbani, wewe unabaki kazini. Hata cheo tunaweza kukitazama."

Mheshimiwa Blanketi akasema kwamba hilo ni wazo la busara, akauliza kama litachukua muda.

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. Hakumsihi, hakumkonyeza. Ndilo lililomuumiza karani zaidi, kwamba mwanamke yule alikuwa tayari kukubali lolote ambalo yeye angeamua, na arobaini wengine walikuwa vibarazani wakibandika vifungo, wakisubiri kuambiwa kama wapo au hawapo.

Alimwaza baba. Aliwaza rumande, sakafu yake na harufu yake. Aliogopa. Kisha akanyoosha mkono na kuwasha tena kinasa sauti. Taa nyekundu ikawaka.

Akakaa wima. Akafungua ukurasa mpya.

"Shahidi," akasema, na hakumwita shangazi, kwa sababu angemwita hivyo asingeweza kuendelea. "Jina kamili la wakala, tafadhali, kwa ajili ya kumbukumbu."

Shangazi akainua uso. Macho yalikuwa mekundu.

Akalitaja. Majina yote matatu, polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. La tatu lilikuwa ndilo la karani mwenyewe.

Na hapo, msomaji, likatokea ambalo hata Mwenyekiti hakulitegemea. Kilio hakikutoka kwa shangazi wala kwa karani. Kilitoka upande wa wageni, simu ikaanguka sakafuni. Mkurugenzi, aliyeapa muda si mrefu kwamba hamjui mtu wala wakala, alikuwa amesimama, suti ya kijivu na uso wa kijivu, mkono mmoja umeshika meza.

"Mwenyekiti," akasema, "jina hilo lisiandikwe."

Mwenyekiti akamgeukia, mdomo wazi. Akamwambia atulie, hii ni habari njema kwake, mwizi ameshapatikana.

"Nimesema lisiandikwe. Huyo mzee yuko hai?"

Mkurugenzi alizunguka meza mbio, akamfikia karani, akanyoosha mkono kuuchukua ule ukurasa.

Karani alikuwa ameshaliandika.